Matuta ya 1955 na wahandisi wa SUA

Ikifika Novemba, Morogoro huvaa majoho. Wazazi hutoka mikoa ya mbali kuja kuwashangilia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wakiwemo wahandisi wa kilimo na wa umwagiliaji. Vigelegele ni haki yao. Lakini mlima Uluguru unaowatazama una kumbukumbu yake kuhusu wataalamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru. Mvua zilikuwa zikikokota udongo kwenda Ruvu, mto ambao leo unainywesha Dar es Salaam. Dawa iliyoletwa ilikuwa moja kwa kila mteremko: matuta ya ngazi, yachimbwe kwa amri. Kwenye vitabu hesabu ilikubali. Eneo la Matombo, huko milimani, lilikataa, kwa kuwa udongo wenye rutuba kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuinua udongo mfu, na mahindi hayaoti vizuri. Wenyeji, Waluguru, waliyasema hayo, hawakusikilizwa. Julai 1955 wananchi walikusanyika kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukazikwa. Kumbe kule Mgeta, milimani humohumo, kwenye mboga za kumwagilia zenye soko la uhakika, matuta yalikubalika na wakulima wakaendelea nayo.

Miaka kumi baadaye, 1965, Chuo cha Kilimo kilifunguliwa chini ya mlima huohuo. Baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humuhumu; Julai mwaka huo kitivo kikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake. Leo uhandisi una shule kuu yake hapo.

Mazimbu, hapohapo Morogoro, nako kuna somo la ujenzi. Shamba la mkonge lililoachwa walipewa wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, wakajenga shule ya Solomon Mahlangu: madarasa, nyumba, hospitali, hata kiwanda cha samani. Waliondoka 1992 wakaiachia Tanzania, na sasa ni kampasi ya SUA. Hakuna aliyeamriwa kuipenda kazi ile. Waliopanga ujenzi ndio waliokaa humo. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Mazimbu na Matombo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa chuo. Hotuba za mahafali zikishamaliza kutaja idadi ya shahada, zitaje pia ni kijiji gani cha Uluguru, kiwe cha Matombo, Kinole au Mgeta, kimepokea kazi ya wahandisi hao, na kama wakulima bado wanaitumia.