Kuinua Nyusi, Kurudisha Uso: Upasuaji wa Uso wa Juu na wa Kati, na Jina Lake, Kutoka Mulago hadi Kalerwe

Kutoka Kalerwe, pale Barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mchepuko ya kaskazini mwa Kampala, hadi Hospitali ya Mulago si mwendo mrefu. Bodaboda huenda na kurudi kutwa nzima zikipenya kati ya malori ya matoke na meza za wachuuzi. Upasuaji wa kuinua nyusi na uso wa kati, ambao matangazo huuita wa urembo, huonekana kuwa jambo la mbali na soko hilo, anasa ya wenye nazo. Makala haya yanatetea hoja tofauti: urembo na ukarabati wa uso vimekua pamoja, mikononi mwa wapasuaji walewale, na mpaka kati yake huchorwa zaidi na jina kuliko na kisu.

Maumbile yenyewe yanahitaji kuelezwa kwanza. Msuli wa paji la uso ndio pekee unaoinua nyusi, ilhali misuli inayozishusha ni kadhaa. Msuli huo ukikosa amri ya neva ya uso, kwa sababu ya jeraha la panja, ukoma au kupooza kwa ghafla, nyusi huanguka juu ya jicho na kuziba sehemu ya juu ya uoni. Chini yake, shavu lililolegea huvuta ukope wa chini. Jicho halifumbi sawasawa, hukauka, hupata vidonda na laweza kupofuka. Mpasuaji anapokata ukanda mwembamba wa ngozi juu ya nyusi na kuishonea mahali pake, au anapotenganisha nyama ya shavu na mfupa wa kitefute na kuitundika juu zaidi, anarudisha kazi ya jicho pamoja na sura. Hapa pana tahadhari ambayo matangazo hayaitaji: nyusi ikiinuliwa kupita kiasi kwa mtu asiyeweza kufumba jicho, hali huzidi kuwa mbaya. Aidha, kovu la juu ya nyusi huonekana, na watu wenye ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota makovu ya kuvimba.

Maelezo ya awali ya kuinua nyusi yalichapishwa Ufaransa mwaka 1919 na Raymond Passot, muda mfupi baada ya vita vilivyowajaza hospitalini askari wenye nyuso zilizovunjika. Suzanne Noël, aliyewahi kuwatibu majeruhi wa vita hivyo, alitoa kitabu chake kuhusu upasuaji wa urembo mwaka 1926. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo wanawake waliohofia kupoteza kazi kwa kuonekana wazee. Kwao urembo ulikuwa suala la riziki, jambo ambalo mchuuzi yeyote wa Kalerwe angelielewa bila kufafanuliwa. Baadaye Paul Tessier, aliyejulikana kwa kurekebisha mafuvu ya watoto waliozaliwa na kasoro, alionyesha kwamba uso waweza kuinuliwa kwa kupita chini ya utando unaofunika mfupa. Mbinu iliyotokana na ulemavu ikahamia kwenye urembo. Kamera ndogo za upasuaji zilizoenea katika miaka ya 1990 zilipunguza ukubwa wa mikato, lakini njia haikubadilika sana.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika simulizi hii, nafasi inayosahaulika mno. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood wa Nairobi, Archibald McIndoe wa Uingereza na Thomas Rees wa Marekani, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo inaitwa Amref. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alipata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua. Rees alijijengea jina New York kwa upasuaji wa urembo wa uso. Katika hali hiyo, ujuzi uliowahudumia matajiri wa Manhattan na ule uliopelekwa vijijini kwa ndege ulitoka katika vidole vilevile.

Mulago nayo ilijulikana duniani kupitia uso. Hapo ndipo Denis Burkitt alipoona watoto wenye uvimbe wa taya, akauelezea kwa maandishi mwaka 1958. Tiba yake, kwa bahati njema, ikaja kuwa dawa badala ya kisu. Leo mzigo mwingine umeongezeka: majeruhi wa pikipiki, waliovunjika taya, vitefute na matundu ya macho. Mkato wa kichwani unaotumiwa kuifikia mifupa hiyo ndio uleule unaotumiwa kuinua nyusi. Hospitali ya CoRSU, iliyoko Kisubi kando ya barabara ya Entebbe, nayo hutoa upasuaji wa kurekebisha maumbile.

Linabaki suala la jina. "Upasuaji wa plastiki" humfanya msikilizaji wa sokoni afikirie beseni, ingawa asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kufinyanga. "Upasuaji wa urembo" ni hatari zaidi, kwa kuwa linatoa sababu rahisi ya kuuweka nje ya huduma zinazogharamiwa. "Upasuaji wa kurudisha uso" lingefaa kwa aliyepooza au kuvunjika, na "kuinua nyusi" lieleze tendo tu, bila kuhukumu nia. Kiswahili kina kitefute, panja, ukope na paji. Kilichokosekana ni matumizi.

Nchini Uganda hoja hii ina uzito wa kisheria. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Kalerwe huzungumza Luganda kwanza, ambako nyusi ni ekisige, kwa hiyo istilahi za Kiswahili hazina budi kuandaliwa zikiwa bega kwa bega na za Luganda. Pa kuanzia ni karatasi ya ridhaa, ambayo mgonjwa hutia sahihi au dole gumba kabla ya nusukaputi: iandikwe kwa maneno yanayomwambia iwapo jicho lake litafumba, kovu litakaa wapi, na ni neva ipi inayoweza kujeruhiwa.