Usukani Mzito, Maneno Mepesi

Mwaka 2008, wafanyakazi wa General Motors walioandika ripoti za matatizo ya magari walipewa katika mafunzo orodha ya maneno wasiyopaswa kuyaandika. Yalikuwa maneno 69. Baadhi yalikuwa makali kiasi cha kueleweka kwa nini wakubwa hawakuyataka: jeneza linalotembea, mtego wa mauti. Mengine yalikuwa maneno ya kila siku. Palipostahili "tatizo", mtu aandike "hali" au "suala". Palipostahili "kasoro", aandike kwamba kifaa hakifanyi kazi kama kilivyosanifiwa. Na humo ndani lilikuwamo pia jina la gari la kampuni hiyohiyo, gari lililokoma kutengenezwa miaka 39 nyuma: mtu asiandike kwamba chombo fulani ni "kama Corvair". Umma uliyafahamu haya Mei 2014, kampuni ilipokubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa NHTSA, idara ya Marekani inayosimamia usalama barabarani, kwa kuchelewa kutoa taarifa kuhusu gari dogo liitwalo Chevrolet Cobalt.

Kwa kawaida habari za magari kurejeshwa kwa marekebisho husimuliwa kama habari za vyuma: boliti iliyolegea, waya ulioungua, springi fupi. Ukizifuatilia kwa miaka sitini iliyopita, na hasa upande wa usukani, unakuta kwamba vyuma havikuwa kigingi kikubwa. Mafundi wa viwandani waliviona mapema. Kilichochukua miaka ni kukubaliana jina. Chuma kilichochakaa hakiwi kasoro ya usalama mpaka mwenye mamlaka akiite hivyo, na muda unaopita kati ya kukiona na kukiita ndio ulioua watu.

Corvair ilitoka Oktoba 1959, wakati Ed Cole akiongoza tawi la Chevrolet. Ilikuwa jibu la General Motors kwa magari madogo ya Ulaya, hasa Volkswagen, na kwa Marekani ya siku zile lilikuwa jambo la kijasiri: injini ya silinda sita iliyopozwa kwa hewa, iliyowekwa nyuma kama ya Volkswagen. Uzito mwingi ukawa nyuma. Kila gurudumu la nyuma lilishikwa na nusu ekseli iliyoning'inia kwenye giaboksi na kupanda na kushuka kama bawa. Dereva akikata kona kwa kasi, gurudumu la nje liliweza kujikunja kuelekea chini ya gari, mkia ukahama ghafla, na usukani uliokuwa mkononi ukawa hauamui tena gari linaelekea wapi. Dawa ya kampuni ilikuwa presha ya matairi: takriban 15 mbele na 26 nyuma. Usalama wa familia nzima uliachwa mikononi mwa kijana wa kituo cha mafuta, na kijana huyo kwa mazoea yake alijaza matairi yote manne sawasawa. Fimbo ya kuzuia kuyumba iliwekwa mbele kama kifaa cha kawaida katika matoleo ya 1964, pamoja na springi ya ziada nyuma, na mwaka uliofuata mfumo wote wa nyuma ukasanifiwa upya. Kampuni ilijua, basi, kinachopaswa kurekebishwa. Ilikirekebisha kimyakimya katika magari mapya, na wenye magari ya 1960 hadi 1963 hawakuandikiwa barua yoyote.

Ralph Nader, mwanasheria kijana, aliifanya Corvair sura ya kwanza ya kitabu chake kuhusu magari yasiyo salama, kilichotoka mwishoni mwa 1965. General Motors iliajiri wapelelezi wamchunguze, na Machi 1966 rais wa kampuni, James Roche, alikaa mbele ya kamati ya Seneti akaomba radhi. Septemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari.

Hapa kuna pingamizi ambalo watetezi wa Corvair hulirudia, nao wana haki ya kulirudia. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilitoa ripoti ya majaribio yake, ikahitimisha kwamba Corvair ya 1960 hadi 1963 haikuwa mbaya zaidi ya magari mengine ya wakati wake katika kupoteza mwelekeo au kupinduka. Kwa hiyo, wanasema, harakati zote zilijengwa juu ya gari lililosingiziwa. Mimi naikubali ripoti ile. Lakini tazama ilitoka wapi. Kabla ya 1966 hapakuwa na ofisi ya umma ambayo mwenye gari angeweza kuipelekea swali, wala iliyolazimika kulijibu hadharani. Corvair ilishitakiwa waziwazi, ikapimwa waziwazi, na katika hoja kuu ikasafishwa waziwazi. Jina la kasoro likijadiliwa mbele ya watu linaweza kulihukumu gari na linaweza pia kuliachia huru. Likizuiwa kutamkwa, hakuna gari linaloweza kusafishwa, hata lile lisilo na hatia.

Sheria ya 1966 yenyewe ilikuwa changa. Ilimtaka mtengenezaji amwandikie mnunuzi barua kuhusu kasoro, basi. Gharama ya kutengeneza ingeweza kubaki kwa mwenye gari mpaka Bunge liliporekebisha sheria mwaka 1974 na kumlazimisha mtengenezaji atengeneze bure. Hapo ugomvi wa majina ukawa mkali, kwa sababu neno sasa lilikuwa na bei. Kesi ninayoiona kuwa kiini cha yote ilihusu Cadillac za 1959 na 1960, magari makubwa, ila kilichovunjika ni kiungo cha usukani: mkono mfupi wa chuma unaopokea mzunguko kutoka kwenye giaboksi ya usukani na kuupeleka kwenye magurudumu. General Motors ilijitetea kwamba mikono hiyo huvunjika zaidi gari likiwa linakwenda polepole, kwa mfano dereva anapoegesha, kwa hiyo hatari si kubwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliikataa hoja hiyo. Gari linalopoteza usukani ni hatari isiyovumilika, na dereva hachagui mahali utakapomwacha.

Uamuzi huo ungetosha kuufunga mlango. Miaka thelathini na zaidi baadaye hoja ileile ilirudi ikiwa imevaa nguo nyingine.

Chevrolet Cobalt ilianza kuuzwa kama toleo la 2005, ikiundwa Lordstown, jimbo la Ohio. Usukani wake haukusaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, kama ilivyo katika magari mengi ya zamani, bali na mota ya umeme iliyofungwa kwenye mhimili wa usukani. Ni mfumo mzuri: hauna mkanda, hauna mafuta ya kuvuja, hupunguza ulaji wa petroli. Lakini mota ile ilikuwa na brashi, na brashi husagika. Unga wake ulichanganyika na ute wa mafuta ndani ya mota, kompyuta ikahisi hitilafu, ikaukata msaada. Kengele ililia, taa ikawaka kwenye dashibodi, na papohapo usukani ukawa mzito mikononi, pengine katikati ya kona. Januari 2010 NHTSA ilifungua uchunguzi ikiwa na malalamiko zaidi ya 1,100 na ajali 14 zilizohusishwa na tatizo hilo. Machi, kampuni ilitangaza kuyarejesha magari yapatayo milioni 1.3 katika Marekani, Kanada na Meksiko, Cobalt na ndugu zake wa chapa ya Pontiac. Maelezo yake yalikuwa kwamba hali hiyo huja taratibu gari linapozeeka, kwamba gari bado linaweza kuongozwa kwa usalama, na kwamba nguvu zaidi huhitajika hasa chini ya kilomita 24 kwa saa. Ni Cadillac ile ile ya kuegesha.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza kwa haki: je, usukani mzito ni kasoro kweli? Wazee wetu waliendesha Land Rover za zamani na Peugeot 404 zisizo na msaada wowote, katika tope na makorongo, na wakafika. Jibu ni kwamba magari yale yalisanifiwa yaendeshwe hivyo. Usukani wake ulizungushwa mara nyingi zaidi ili mkono upate nguvu, na dereva aliianza safari akiujua uzito wake. Gari lililojengwa kwa kutegemea mota lina hesabu nyingine, na mwili wa dereva wake umezoea hesabu hiyo. Anayepanda ngazi ya mawe hachoki kwa ghafla. Anayevuliwa kipandio miguuni huanguka hata kama ngazi ni fupi. Na si wote wanaoshika usukani wana mikono ya utingo wa lori. Gari dogo la bei nafuu hununuliwa na wanafunzi, wastaafu na mama anayepeleka watoto shule.

Isitoshe, kama kampuni iliamini kweli kwamba mota hiyo ilistahili kurejeshwa, ingeyarejesha magari yote yaliyokuwa na tatizo hilo. Saturn Ion za 2004 hadi 2007, ndugu wa damu wa Cobalt, ziliachwa nje ya wito wa urejeshaji wa 2010. Ziliingizwa tarehe 31 Machi 2014, katika wito mwingine wa magari karibu milioni 1.3 ndani ya Marekani. Siku iliyofuata mkuu mpya wa kampuni, Mary Barra, alikuwa bungeni Washington akihojiwa. Miaka minne kati ya magari mawili yenye ugonjwa mmoja.

Kilichompeleka Barra bungeni kilikuwa kingine, na hicho nacho kiliufikia usukani. Swichi ya kuwashia gari ya Cobalt na Ion ilikuwa laini kupita kiasi. Fungu zito la funguo au goti la dereva liliweza kuizungusha kutoka mahali pa kuendesha. Injini ikazima njiani, msaada wa usukani na wa breki ukaondoka, na mifuko ya hewa ikanyimwa umeme wakati ambapo ingehitajika kuliko wakati wowote. Wahandisi walilijua zimiko hilo tangu gari lilipokuwa jipya sokoni. Walilisajili kama suala la usumbufu kwa mteja. Sababu yao, kwa mujibu wa uchunguzi wa mwanasheria Anton Valukas uliotolewa Juni 2014, ilikuwa kwamba gari lililozima bado linaendesheka hadi pembeni mwa barabara. Hii ni mara ya tatu tunakutana na sentensi ileile, na mara hii waliofariki walihesabiwa: mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Ndani ya swichi hiyo kuna kipini kidogo kinachosukumwa na springi na kukaa kwenye kijishimo. Ndicho kinachofanya ufunguo utoe ule mlio wa kukwama mahali pake. Mwaka 2006 kipini na springi vilirefushwa, kwa tofauti isiyofika milimita mbili, na swichi ikawa ngumu kama ilivyotakiwa. Namba ya kipuri haikubadilishwa. Swichi mbaya na swichi nzuri zikawa na jina moja katika kila daftari, kila sanduku na kila kompyuta ya kampuni. Waliochunguza kwa nini vifo vilipungua katika magari ya baadaye waliiona namba ileile wakaamini kwamba swichi haikuguswa. Aliyegundua tofauti alikuwa mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa familia iliyofiwa huko Georgia. Mwaka 2013 alinunua swichi mpya dukani, akaifungua, akailinganisha na ya gari la marehemu. Magari yapatayo milioni 2.6 yalirejeshwa mwaka uliofuata. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai. Wafanyakazi 15 walikuwa wamefukuzwa. Hakuna mtu aliyeshtakiwa.

Watasema kampuni ikiandika "kasoro" kila skrubu inapolegea, mawakili wataila hai, na magari ya bei nafuu yatatoweka sokoni. Hofu hiyo ina msingi katika nchi ambayo kila karatasi huishia mahakamani. Lakini hesabu ya Cobalt inaielemea. Kuirefusha springi kungegharimu senti. Kuficha kwamba imerefushwa kuligharimu mamilioni ya dola na roho za watu. Wahenga walishasema kuhusu mficha maradhi.

Cobalt haikuwa gari la huku, ila jambo lenyewe limefika. Novemba 2012 Toyota ilitangaza kuyarejesha magari milioni 2.77 duniani, zaidi ya nusu yake Japani, Prius na Corolla yakiwamo. Sababu mojawapo ilikuwa kiungo cha mhimili wa usukani ambacho hakikuwa kigumu vya kutosha: dereva akiuzungusha usukani kwa nguvu hadi mwisho mara nyingi gari likiwa polepole, meno yake husagika na usukani huanza kucheza. Yalikuwamo magari yaliyoundwa tangu mwaka 2000. Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka minane, kwa hiyo mengi ya umri huo yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari wito ulipotolewa. Usukani unaocheza ukiletwa gereji, fundi mzuri ataanza na tairodi, kwa kuwa ndizo anazozifahamu kufa kwa barabara zetu. Namba ya chesesi iliyopigwa kwenye bodi bado ni ileile ya kiwandani. Lakini ili gari lisafirishwe nje, usajili wake wa Japani hufutwa kwanza, na barua ya wito hutumwa kwa jina lililomo katika daftari hilo.