Mdomo wa Tarumbeta: Shaba Moja, Rangi Tatu

Midomo hii mitatu imetengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki. Tofauti ni kipimo tu.

Manjano: shaba asilimia 70, zinki 30. Ndiyo hutumika zaidi.
Dhahabu: shaba 85, zinki 15.
Wekundu: shaba 90, zinki 10.

Wapigaji wengi husema shaba ikizidi, sauti hulainika na kujaa. Lakini umbo la mdomo na unene wa bati navyo vina mchango mkubwa.

Chungulia ubavuni uone mstari mwembamba. Huo ni mshono. Fundi hukunja bati, huunga kingo zake kwa moto, kisha huligonga kwa nyundo hadi litanuke kama ua. Likikakamaa, hulipasha moto lilainike; asipofanya hivyo, litapasuka. Ufundi huu ni wa kale: katika karne ya 17, mji wa Nürnberg, Ujerumani, ulivuma kwa watengenezaji wake wa tarumbeta.

Tafadhali usiguse. Jasho la mkono hula zinki na kuacha madoa mekundu yasiyofutika.