Kujua Saa ya Kuachia: Hatua Nne za Maisha na Njia Iliyopita Pugu





Mhubiri anatufundisha kwamba kila jambo chini ya mbingu lina majira yake (Mhu 3:1-8). Maneno hayo tumezoea kuyasikia misibani. Mara chache tunajiuliza kama yanaihusu pia akili ya mwanadamu. Je, akili nayo ina majira? Je, iko saa ya kujifunza, saa ya kubeba mzigo wa kaya, saa ya kuwaachia wengine mzigo huo, na saa ya kumwelekea Mungu peke yake? Wahenga wa India walikwisha kuliuliza swali hili kabla ya kuja kwake Kristo. Juma hili napenda tulitazame jibu lao, kisha tulipime kwa maisha ya mtu tunayemfahamu sote, ambaye moja ya hatua zake kubwa aliipiga Pugu, mwendo mfupi tu kutoka mji wetu wa Kisarawe.

Asiwepo wa kushangaa kwamba Mkatoliki anajifunza kutoka kwa Wahindu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, uliutaja Uhindu kwa jina, ukatufundisha kuyaheshimu yote yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Tena Wahindu si wageni kwetu. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch walivuka bahari kuja pwani hii tangu enzi za majahazi, na mahekalu yao yapo hata leo katika mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam. Mwaka 1893 mwanasheria kijana wa miaka 23, Mohandas Gandhi, alipita Lamu, Mombasa na Zanzibar katika safari yake ya meli kwenda Afrika Kusini. Bahari iliyomleta ni hii yetu.

Mafundisho ya Wahindu hugawa maisha katika hatua nne, zinazoitwa ashrama. Ya kwanza ni brahmacharia, hatua ya mwanafunzi. Kijana huishi chini ya mwalimu, hujifunza maandiko, huutawala mwili wake na kuhudumu kwa unyenyekevu. Ya pili ni grihasta, hatua ya mwenye kaya. Mtu huoa, huzaa, hufanya kazi, huwalisha wageni na maskini. Ya tatu ni vanaprasta, maana yake mtu aendaye msituni. Sheria za kale zinazobeba jina la Manu zinaeleza kwamba mtu akiona ngozi yake imekunjamana, nywele zimekuwa nyeupe, na mtoto wa mtoto wake amezaliwa, ndipo saa ya kuiacha kaya imefika. Ya nne ni sanyasa, kuacha yote: mtu hutembea bila nyumba, bila mali na bila moto wa sadaka, akimtafuta yule asiye na mwisho. Anayeingia hatua hiyo huhesabiwa kana kwamba amekwisha kufa kwa ulimwengu.

Wanahistoria wa dini wanatuonyesha jambo moja muhimu. Katika maandiko ya kale zaidi ya sheria za Kihindu, hizi hazikuwa ngazi za kupanda moja baada ya nyingine. Zilikuwa njia nne za maisha, na mtu aliyemaliza masomo alichagua mojawapo kwa maisha yake yote. Baadaye ndipo walimu walipozipanga zifuatane katika maisha ya mtu mmoja. Kwa nini? Walikuwa na shida ambayo hata sisi tunaijua. Walikuwepo waliosema kwamba utakatifu ni kuikimbia dunia, na waliosema kwamba wajibu wa mtu ni ndoa, watoto na kazi. Kwa kuzipanga hatua hizo, walimu walisema: yote mawili ni kweli, ila kila moja kwa saa yake. Walifundisha kwamba mtu huzaliwa na madeni matatu: kwa wahenga, kwa miungu na kwa mababu. Deni la wahenga hulipwa kwa kujifunza, la miungu kwa sadaka, la mababu kwa kuzaa na kulea. Asiyelipa madeni hayo asijidai kwamba ameiacha dunia, maana huyo amekimbia tu.

Lakini mpango huo ulikuwa na kasoro, nasi tusiifiche. Ulitungwa kwa ajili ya wanaume wa matabaka ya juu. Wanawake na watu wa tabaka la watumishi hawakuhesabiwa. Hata hivyo, katika mojawapo ya Upanishadi za kale kabisa, ni mwanamke anayeuliza swali lililo kubwa kuliko yote. Mwalimu Yajnavalkya anajiandaa kuondoka nyumbani, naye anataka kuwagawia mali wake zake wawili. Mmoja wao, Maitreyi, anamwuliza kama utajiri wa dunia nzima ungeweza kumfanya asife. Mwalimu anakiri kwamba haungeweza. Basi Maitreyi anaiacha mali, anamwomba mumewe amfundishe anachokijua. Wapendwa, swali la mama huyo halina tabaka wala jinsia.

Wazee wetu wa Uzaramo nao walijua kwamba mtu havuki hatua peke yake. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na akina mama, na siku ya kutolewa ukoo mzima ulicheza ngoma. Vijana wa kiume nao walikuwa na jando lao. Mtafiti Marja-Liisa Swantz aliyaandika mengi ya mila hizi katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ibada na ishara za Wazaramo. Si kila kilichofundishwa ndani ya mila hizo kinapatana na Injili, lakini hekima yake moja ni safi: kila hatua ya maisha ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mlangoni lazima awepo mtu wa kukupokea.

Sasa tumtazame mtu wetu. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hakuyapanga maisha yake kwa kufuata Wahindu. Alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa mwezi Desemba 1943. Walakini ukiyasoma maisha yake kwa mwanga wa hatua hizi nne, utaona kitu ambacho pengine hukukiona.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Akapita Tabora na Makerere, akafundisha Tabora, kisha akasoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Karibu theathini ya kwanza ya miaka yake ilitawaliwa na vitabu. Januari 1953 alimwoa Mama Maria, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa mwalimu katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mahali hapo palikuwa na historia ya sadaka: wamisionari Wabenedikto walifika Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni yao ilishambuliwa na baadhi yao wakauawa.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Aliporudi ilimbidi achague kati ya siasa na ualimu, naye akaacha kazi ya Pugu. Alikuwa na familia changa, na mshahara ulikuwa umekatika. Akarudi kwao Uzanaki, na kwa muda fulani alimfundisha mmisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Hapo mwenye kaya alikubali kwamba kaya yake ni kubwa kuliko nyumba yake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 akawa Waziri Mkuu. Januari 1962, baada ya majuma sita tu, alijiuzulu akamwachia Rashidi Kawawa, ili yeye akakijenge chama. Watu walishangaa. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa Rais, akaongoza hadi tarehe 5 Novemba 1985 alipong'atuka na kumkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1990 aliuacha pia uenyekiti wa chama. Neno kung'atuka lenyewe tumelipata kwake, kutoka Kizanaki. Lugha yetu ilihitaji kuazima neno kwa kitendo hicho, na hilo pekee linatosha kutufikirisha.

Akarudi Butiama akalima. Kama wale waendao msituni, hakunyamaza. Aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, alitoa mashauri yaliyowaudhi baadhi ya viongozi, na tangu mwaka 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi. India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi mwaka 1995, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea. Na katika miaka hiyo ya mwisho, akili iliyokuwa imezipatia lugha yetu tamthilia za Shakespeare iligeukia Injili: mwaka 1996 zilichapwa tenzi zake za Kiswahili zinazosimulia Injili. Tarehe 1 Oktoba 1999 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wazee wote barua akiueleza uzee kama majira yenye neema yake. Majuma mawili baadaye, tarehe 14 Oktoba, Mwalimu alifariki London. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Sisemi kwamba kila alichoamua kilikuwa sawa. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 kuliacha machungu katika kaya nyingi, na historia itaendelea kulipima jambo hilo. Ninachosema ni kwamba akili yake iliendelea kukua hadi mwisho kwa sababu haikung'ang'ania hatua iliyokwisha pita. Alimaliza kila cheo akingali na nguvu ya kujifunza kitu kingine.

Papo hapo tuitofautishe imani yetu. Mhindu huacha yote ili akombolewe kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa tena na tena. Sisi tunaamini maisha ni mamoja, kisha ufufuko. Wala hatupandi kwa Mungu ngazi kwa ngazi kwa nguvu zetu. Samweli aliitwa akiwa mtoto, na wafanyakazi wa saa kumi na moja walilipwa sawa na wa alfajiri. Kufa kwa ulimwengu, ambako Mhindu hukungoja hatua ya nne, Mkristo hukupokea siku ya ubatizo. Lakini neema haifuti majira. Simeoni na Ana binti Fanueli walimtambua Mtoto hekaluni katika uzee wao (Lk 2:25-38), na Simeoni, akiisha kumwona, aliomba aruhusiwe kwenda kwa amani. Katika siku zetu Papa Benedikto XVI aliachia kiti cha Petro mwezi Februari 2013 ili ahudumu kwa sala, na alidumu katika sala hiyo hadi kifo chake tarehe 31 Desemba 2022.

Basi tujitazame. Mtumishi wa umma nchini kwetu kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Wengi wanaostaafu Dar es Salaam hutafuta kiwanja Kibaha au Kisarawe, wajenge na wapumzike. Mwili unafika, lakini je, akili imefika? Yuko mzee aliyestaafu kazini lakini anakitawala kila kikao cha ukoo. Yuko kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo asiyemwandaa mtu wa kumpokea, kisha analalamika kwamba vijana hawajitolei. Mkono uliofumbwa hauwezi kutoa, wala hauwezi kupokea.

Lakini nisiwalemee wazee peke yao. Rudieni alama ile ya mjukuu. Mhindu wa kale aliweza kwenda msituni kwa sababu kaya ilibaki mikononi mwa mwanawe. Bibi aliyeachiwa wajukuu watano bila unga wala dawa hajaingia katika hatua ya tatu. Amerudishwa kwa nguvu katika ya pili, mifupa yake ikiwa imechoka. Tusimwambie mama huyo kwamba uzee ni wakati wa sala, ilhali sisi watoto wake ndio tuliomnyang'anya wakati huo. Kuachia ni tendo la watu wawili: mmoja anatoa, mwingine anapokea. Asipokuwepo wa kupokea, mzee hajaachia, ametelekezwa. Na hiyo ni dhambi dhidi ya amri ya nne.

Kadhalika kwa kijana anayeondolewa shuleni kabla ya wakati ili akatafute fedha, au binti anayeozwa angali mwanafunzi. Hatua iliyoibwa utotoni humdai mtu maisha yake yote.

Juma hili, kila mmoja ajiulize mbele ya Sakramenti Takatifu: Mimi niko katika hatua gani? Ni kitu gani ninachopaswa kukikabidhi, na kwa nani? Na ni nani anayesubiri mimi nimpokee mzigo, ili naye apate saa yake ya kuomba?

Nawatakia tafakari njema na Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.