Pini ya Tatu: Historia Tunayoifungua kwa Biro

Ingia keja yoyote ya kupanga Nairobi, Nakuru ama Kisumu. Ukutani kuna soketi ya matundu matatu. Mwenyeji ana plagi ya pini mbili. Anachukua biro, anaisukuma kwa tundu la juu, plagi inaingia, maisha yanaendelea. Sote tumekua tukiona hivyo.

Shida ni kwamba siku hizi hiyo keja ndiyo ofisi. Kuna msee anahariri video humo, mwingine anafunza watoto mtandaoni, mwingine anajibu simu za wateja walioko ng'ambo. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo laptop yangu ndiyo digrii yangu. Ikiungua, sina cheti cha kuonyesha mtu. Ndiyo maana nimejiuliza: hilo tundu la juu liliwekwa na nani, na kwa nini?

Tuanze na stima yenyewe. Mwaka wa 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Jina likabadilishwa 1983 likawa Kenya Power and Lighting. Wakoloni walileta umeme pamoja na vipimo vyao, na ndio sababu hadi leo tuko na volti 240 na soketi ya Kiingereza.

Hiyo soketi ni mtoto wa vita. Mwaka wa 1942, Uingereza ikipigana na Ujerumani, kamati iliundwa kupanga nyaya za nyumba zitakazojengwa vita vikiisha. Ilikuwa na watu 20, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett. Nyumba zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu na shaba ilikuwa adimu. Wakaamua waya utoke kwa boksi ya fyuzi, uzunguke soketi zote, kisha urudi pale pale ulipoanzia. Hapo shaba inapungua. Lakini mzunguko mzima ukilindwa na fyuzi moja kubwa ya ampia 30, kawaya kembamba ka taa ya mezani kataungua kabla hiyo fyuzi haijashtuka. Kwa hivyo kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo ndani. Kiwango chake, BS 1363, kilitoka mwaka wa 1947.

Pini ya tatu, ile ya juu, ni ya waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Ni ndefu kuliko zingine mbili makusudi. Inaingia kwanza, inafungua vifuniko vya matundu ya chini, na inahakikisha kifaa kimeunganishwa na ardhi kabla umeme haujakigusa. Vifuniko navyo viliwekwa ili mtoto asiweze kutia msumari. Biro inafanya kazi ya kufungua mlango tu. Kazi ya kupeleka umeme ardhini, plastiki haiwezi.

Najua kuna mtu ataniambia chaja ya simu haihitaji waya wa ardhi. Ni kweli, nyingi zimetengenezwa na kinga mbili za ndani. Lakini hiyo plagi ya pini mbili za mviringo haina fyuzi, na haishiki vizuri kwa soketi iliyotengenezewa pini bapa. Inalegea, inapiga cheche, inapata joto. Na kompyuta ya mezani yenye kasha la chuma je? Waya wa moto ukigusa lile kasha na hakuna ardhi, njia inayobaki ni mkono wako.

Sasa twende kwa kile kifaa kila mtu ananunua akidhani amemaliza: ekstensheni iliyoandikwa inazuia umeme unaoruka. Ndani yake kuna vidude vidogo vya oksidi ya zinki, teknolojia iliyotoka Japani, kampuni ya Matsushita, mwishoni mwa miaka ya 1960. Volti ikiwa ya kawaida, vidude vinafunga njia. Ikipanda ghafla, vinafungua na kuumwaga umeme wa ziada. Unamwagwa wapi? Kwa kawaida njia ni tatu, na mbili kati yake zinapitia waya wa ardhi. Keja isiyo na waya wa ardhi inakuachia njia moja. Umelipia kinga kamili, umepata kipande. Tena vidude hivyo vinachakaa kila vinapofanya kazi, kwa hivyo ile ekstensheni ya miaka sita inaweza kuwa ekstensheni tu.

Gadi ya friji ni kitu kingine. Yenyewe inakata stima volti ikizidi ama ikishuka sana, halafu inangoja dakika chache kabla ya kurudisha. Inafaa kwa Kenya, kwa sababu hatari kubwa iko pale stima inaporudi. Mnakumbuka tarehe 7 Juni 2016? Tumbili aliangukia transfoma pale kituo cha Gitaru, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia giza. Tulicheka sana. Lakini siku kama hiyo, vitu vyote vilivyoachwa kwa soketi hupokea kishindo pamoja umeme ukirejea. Stima ikipotea, zima ukutani. Ni bure.

Na waya za intaneti? Mwaka wa 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya mbili za simu pamoja, ili kelele za umeme wa jirani zifutane zenyewe. Kebo ya ruta yako ina jozi nne zilizosokotwa kwa wazo hilo hilo. Bado, usiilaze pamoja na kebo ya stima mita kumi ukitarajia miujiza.

Mwaka wa 2009 SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini, tulipata fiba, na fiba ni kioo, haipitishi umeme. Mlango mmoja wa radi ukafungwa. Lakini kwa ploti nyingi, mtu huweka kifaa kimoja juu ya paa kisha anavuta kebo za shaba hadi kila chumba. Mlango tumeufungua tena. Watu wa kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo radi ni nyingi kuliko karibu kote duniani, wanajua maana yake. Radi ikianza, chomoa stima, chomoa na kebo ya intaneti.

Maoni yangu ni haya. Waingereza walibishana kuhusu hiyo pini mabomu yakianguka, na sisi tunapangishwa nyumba mpya zenye tundu la tatu la urembo, nyuma yake hakuna waya. Hilo si kosa la mpangaji. Mwenye nyumba anatangaza WiFi, tiles na maji ya borehole, lakini hakuna anayemuuliza kuhusu fito ya shaba inayopaswa kupigiliwa ardhini.

Muulize. Kabla ya kulipa deposit, mwambie keateka alete fundi aliyesajiliwa na EPRA, apime soketi ukiona. Ni kazi ya dakika chache. Akikataa, umejua unahamia nyumba gani.