Mashapo ya Kahawa: Kutoka Jebena hadi Moka

Kahawa kali inayopikwa nyumbani ina historia ya zaidi ya miaka 500, na vyombo vingi vilivyobuniwa kwa ajili yake hukabili tatizo moja, nalo ni mashapo. Unga mwingi uliosagwa laini ndio unaoipa kahawa nguvu, na unga huohuo ndio unaomwachia mnywaji chembechembe mdomoni. Mbinu za kale ziliyasubiri mashapo yatulie. Za baadaye ziliyazuia kwa kichujio, na hatimaye mvuke ukatumika kuyasukuma maji kupitia unga.

Nchini Ethiopia, asili ya mbuni wa arabika, chombo cha nyumbani ni jebena, chungu cha udongo chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Buni hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, kisha huchemshwa na maji humohumo. Mashapo hayamwagwi baada ya mkupuo wa kwanza. Huongezwa maji na kuchemshwa tena, ndipo zikapatikana duru tatu zenye majina yake: abol, tona na baraka. Kahawa kali hasa ni ile ya abol.

Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliitumia kahawa kuufukuza usingizi katika dhikri za usiku. Kupitia Bahari ya Shamu ikafika Makka na Cairo, na katikati ya karne ya 16 Istanbul ilikuwa tayari na nyumba za kahawa. Waturuki waliisaga laini kama unga wa ngano, wakaitia pamoja na maji baridi katika kibirika cha shaba chenye mpini mrefu, cezve, na kukiweka kwenye moto mdogo. Povu linapopanda, kibirika huepuliwa kabla hakijachemka. Unga wote huingia kikombeni, mnywaji husubiri utuame, naye huacha tope chini. Ni mbinu ya mkono inayotoa kahawa nzito kwa vifaa vichache.

Waarabu walikwenda njia nyingine: waliyaacha mashapo chomboni. Dele, birika lao la kahawa, lina kitako kipana, na mdomo wake uliopinda kama wa ndege uko juu, hivyo kinachomiminwa ni maji ya juu yaliyokwisha kutulia. Chombo hicho kilivuka bahari hadi Lamu, Mombasa na Unguja, lakini kinywaji kikabadilika. Kahawa ya Ghuba hukaangwa kidogo, ikawa na rangi ya manjano na harufu ya iliki. Ya Waswahili hukaangwa mpaka iwe nyeusi, hutwangwa kinuni, huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi na tangawizi, na hunywewa bila sukari katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Ndiyo kahawa chungu, na uchungu wake hupozwa kwa kashata, tende au halua. Muuza kahawa hulibeba dele likiwa juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike. Hii si nakala ya mapishi ya Uarabuni. Ukaangaji wake, viungo vyake na moto wake usiozimika ni mbinu kamili yenye haki ya kuhesabiwa pamoja na nyingine.

Ulaya ilielekea kwenye vichujio. Mwaka 1819 Morize, fundi wa Paris, alibuni chombo cha kupindua: maji yakishachemka, chombo hugeuzwa juu chini, nayo hupenya kwenye unga kwa uzito wake. Wakazi wa Napoli walikipenda mno hata kikachukua jina la mji wao. Mwaka 1852 Wafaransa Mayer na Delforge walipata hataza ya chombo cha kusukuma mashapo chini kwa kichujio kilichofungwa kwenye kijiti. Chombo hiki huhitaji unga wa chembe kubwa, la sivyo chembe hupenya, kwa hiyo ukali wake hutokana na wingi wa kahawa.

Mageuzi makubwa yalitokea Piemonte, Italia, mwaka 1933, kwa moka ya Alfonso Bialetti. Sehemu ya chini ni ya maji, katikati kuna kikapu cha unga, na juu ni pa kupokelea kahawa. Maji yakipata moto, mvuke na hewa iliyofungiwa huyasukuma yapande kupitia unga. Kanieneo yake ni takriban baa 1.5 tu, ilhali mashine ya espreso hutumia baa 9. Kwa hiyo moka haitoi espreso, japo wengi huiita hivyo. Ilitengenezwa kwa alumini, metali ambayo serikali ya Mussolini iliipigia debe kuwa ya kitaifa. Jina lake lilitoka Mokha, bandari ya Yemen. Hata hivyo, moka ilienea majumbani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Renato, mwana wa Bialetti, alipoitangaza kwa nguvu.

Mwaka 2005 Mmarekani Alan Adler alitoa AeroPress, bomba la plastiki ambamo kahawa husukumwa kwa mkono kupitia kichujio cha karatasi. Karatasi hiyo huzuia mashapo, na pia sehemu kubwa ya kafestoli, kiambato cha mafuta ya kahawa kinachopandisha kolesteroli, ambacho katika jebena, cezve na dele hubaki kwenye kinywaji.