Ushuru wa forodha kwa kemikali za kati za rangi

Ushuru wa forodha kwa kemikali za kati za rangi ni kodi inayotozwa, wakati wa kuingizwa nchini, kemikali ambazo si malighafi tena lakini bado hazijawa rangi ya kutia nguo, ngozi au karatasi. Kiasi cha ushuru hutegemea mambo matatu: fungu ambamo kemikali imewekwa, kiwango cha fungu hilo, na thamani ambayo kiwango hicho kinapigiwa hesabu. Historia ya Marekani kati ya miaka 1916 na 1980 inaonyesha jinsi jambo la tatu linavyoweza kubadilisha kabisa mzigo wa mwagizaji.

Maana ya kemikali za kati

Mwaka 1856 Mwingereza William Henry Perkin alitengeneza rangi ya zambarau kutokana na anilini. Baada ya hapo viwanda vya rangi vilitegemea lami ya makaa ya mawe, ambayo hutoa benzeni, tolueni, naftaleni na antraseni. Benzeni ikichanganywa na asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki hutoa nitrobenzeni. Nitrobenzeni ikiondolewa oksijeni na kuongezewa hidrojeni huwa anilini. Nitrobenzeni na anilini ni kemikali za kati. Nyingi za aina hii hutumika pia kutengeneza dawa, baruti au kemikali za mpira. Kwa hiyo ushuru uliokusudiwa rangi hugusa viwanda vingine pia.

Historia nchini Marekani

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Ujerumani ilitawala soko la rangi duniani, na viwanda vya nguo vya Marekani viliitegemea. Vita vilipoanza mwaka 1914, Uingereza ilizuia meli za Ujerumani na rangi zikaadimika. Mnamo Julai 1916 nyambizi ya biashara *Deutschland* ilifika Baltimore ikiwa na shehena ya rangi.

Sheria ya mapato ya tarehe 8 Septemba 1916 iligawa bidhaa za lami katika mafungu matatu:

- Fungu la kwanza: bidhaa ghafi kama benzeni na naftaleni, bila ushuru.
- Fungu la pili: kemikali za kati, asilimia 15 ya thamani pamoja na senti 2.5 kwa ratli.
- Fungu la tatu: rangi kamili, asilimia 30 pamoja na senti 5 kwa ratli, isipokuwa baadhi ya rangi ambazo hazikutozwa senti hizo.

Ushuru ulipanda kadiri bidhaa ilivyosogea karibu na rangi kamili. Kama kemikali za kati zingetozwa sawa na rangi, mtengenezaji wa ndani asingepata nafuu ya kuziagiza ili azimalizie nchini. Kama zingesamehewa kabisa, wasingepatikana watu wa kujenga viwanda vya kuzitengeneza.

Bei ya kuuzia ya Marekani

Sheria ya ushuru ya mwaka 1922, iitwayo Fordney-McCumber, ilipandisha viwango. Kemikali za kati zilitozwa asilimia 55 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha asilimia 40. Rangi zilitozwa asilimia 60, kisha 45. Kila ratli iliongezewa senti 7. Zaidi ya hapo, bidhaa iliyoshindana na ile ya Marekani haikuthaminiwa kwa bei ya ankara, bali kwa bei ambayo mtengenezaji wa Marekani aliuzia bidhaa yake.

Tuchukue mfano. Kemikali imenunuliwa nje kwa dola 1 kwa ratli, na ya Marekani inauzwa dola 2. Asilimia 40 ya dola 2 ni senti 80. Mwagizaji amelipa asilimia 80 ya bei aliyonunulia, ingawa sheria inasema 40, na senti 7 bado hazijajumlishwa. Mtengenezaji wa ndani akipandisha bei yake, ushuru wa mshindani wake unapanda pia.

Sheria ya mwaka 1930 iliendeleza utaratibu huo. Katika mazungumzo ya GATT yaliyoitwa Duru ya Kennedy, yaliyomalizika mwaka 1967, Marekani ilikubali kuuondoa kwa sharti kwamba Bunge lake liridhie, lakini Bunge halikuridhia. Uliondolewa kwa sheria ya biashara ya mwaka 1979, baada ya Duru ya Tokyo, na mabadiliko yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 1980.

Uainishaji wa siku hizi

Nchi nyingi hutumia Mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza tarehe 1 Januari 1988. Kemikali za kati nyingi zimo katika Sura ya 29. Kwa mfano, anilini ni 2921.41 na nitrobenzeni ni 2904.20. Rangi za kutengenezwa zimo katika 3204, na rangi za mimea au wanyama katika 3203. Kwa hiyo nili ya kiwandani na nili ya mmea haziko pamoja.

Kwa kawaida Sura ya 29 hupokea kemikali moja moja yenye muundo unaojulikana, hata ikiwa na uchafu kidogo. Hata hivyo, chumvi za diazoni zilizopunguzwa nguvu kwa kipimo maalumu ili kutengeneza rangi za azo hubaki humo. Zikichanganywa na kemikali ya kuungana nayo ili kutoa rangi, huhamia 3204.

Afrika Mashariki

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia ushuru wa pamoja wa nje mwaka 2005, ukifuata namba za HS. Viwango vyake vikuu vilikuwa asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa kamili. Kiwango cha 35 kiliongezwa tarehe 1 Julai 2022. Jina "kemikali ya kati" peke yake haliifanyi bidhaa itozwe asilimia 10: kiwango husomwa kwenye mstari wa namba yake. Thamani hutokana kwanza na bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa na mnunuzi, na kwa mizigo ya baharini huongezwa nauli na bima.